Bamba Dogo Nyuma ya Msumeno

Barabara itokayo Kasese mjini kwenda Bwera hupita Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ikakatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuishia mpakani Mpondwe. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Mpaka huo ndio mlango wa mvule, mkangazi na mbao nyingine ngumu kutoka misitu ya mashariki ya Kongo, na kwenye miteremko ya upande wa Uganda wakulima wamepanda mikaratusi na misonobari. Mbao hizo zote huishia kwenye karakana za seremala, na kabla ya kuwa kitanda, mlango au jeneza, nyingi hupita juu ya msumeno wa meza.

Mara nyingi mashine yenyewe haikutoka kiwandani. Mchomeleaji ameunga vyuma vya pembe kuwa fremu, akaweka shafti juu ya beringi mbili, mota chini, mkanda katikati, na juu bamba la chuma lenye mwanya wa kupitisha diski. Hakuna aibu katika hilo. Mashine iliyochomelewa kwa makini inapasua mbao ikanyooka vizuri tu. Hatari iko kwenye vile ambavyo mteja hakuviagiza na mchomeleaji hakuviweka.

Kwanza, mwendo. Mota ya kawaida ya kazi hii, kwenye umeme wa hezi 50 unaotumika Uganda, huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Diski ya milimita 300 ikizunguka hivyo, meno yake hukimbia karibu mita 45 kwa sekunde, yaani kilomita 160 kwa saa. Puli ya mota ikiwa na kipenyo mara mbili ya puli ya shafti, mwendo unaongezeka maradufu. Diski nzuri huwa imeandikwa ubavuni idadi ya juu ya mizunguko inayoweza kustahimili, na kwa kawaida diski ikiwa kubwa zaidi, namba hiyo hupungua. Hesabu ni fupi: mizunguko ya mota zidisha kwa kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya shafti. Jibu likipita namba ya diski, puli ibadilishwe. Jino linalochomoka kwa mwendo huo hupenya mwilini.

Lakini ajali inayowashangaza wengi hutoka nyuma ya diski. Mbele, upande aliposimama fundi, meno hushuka na kuubana ubao juu ya meza. Nyuma, meno yaleyale yanapanda. Mkato ukijifunga, au ubao ukienda upande na kukwama kati ya diski na fensi, yaani kile kizuizi kinachoongoza ubao, meno ya nyuma huudaka, yakauinua na kuurusha kwa fundi. Tumbo na kifua ndivyo vinavyopokea. Mbaya zaidi, mkono uliokuwa ukisukuma hupoteza tegemeo ghafla na kuvutwa kwenye meno. Yote hayo humalizika kabla mtu hajawahi kuwaza kurudisha mkono.

Mkaratusi ni bingwa wa kujifunga. Mti huo hukua ukiwa na mvutano ndani ya shina, sehemu za nje zikivuta na za katikati zikisukuma. Ukipasuliwa, mvutano huo unafunguka: vipande viwili ama vinatanuka kama mkasi, ama vinarudiana na kuibana diski. Ukiwa mbichi, kama unavyouzwa mara nyingi, hali huwa mbaya zaidi. Mvule nao una hila yake. Ndani ya shina lake hujengeka vijiwe vigumu vya chokaa ambavyo havionekani kwa nje na huvunja meno ya msumeno. Ubao wa mvule ukianza kugoma au kutoa cheche, mashine izimwe. Fundi asiusukume ubao kwa nguvu.

Dawa ya mkato unaojifunga ni bamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, likiwa kwenye mstari mmoja nayo. Ubao ukishapasuka, bamba huingia kwenye mkato na kuuzuia usijifunge. Unene wake ndio siri: lizidi kidogo unene wa mwili wa diski, lakini lisifikie upana wa mkato unaoachwa na meno. Diski yenye mwili wa milimita 2.2 na mkato wa milimita 3.2 itataka bamba la milimita 2.5 hivi. Ukingo wake wa mbele ufuate mviringo wa diski, na kwenye usawa wa meza nafasi kati yake na meno ya diski isizidi milimita 8, kipimo kinachofuatwa katika karakana za Uingereza. Kwa mashine iliyochomelewa, bamba likazwe kwenye fremu inayobeba shafti. Likikazwa kwenye meza inayopanda na kushuka, litapoteza nafasi yake kila meza inaposogezwa. Kipande cha chuma, bolti mbili, saa chache za mchomeleaji: hakuna kifaa kingine katika karakana kinachotoa kinga kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kisha fensi. Ikae sambamba na diski. Fundi aondoe umeme, aweke alama kwenye jino moja, apime kutoka jino hilo hadi kwenye fensi likiwa mbele, kisha azungushe diski kwa mkono na kupima tena jino hilohilo likiwa nyuma. Vipimo vikilingana, kazi imekwisha. Nyuma pakiwa pembamba kuliko mbele, mtego umetegwa. Kwa mbao ngumu ni vizuri zaidi kuongeza kibao kifupi kwenye fensi, kinachoishia pale meno ya mbele yanapoingia kwenye ubao, ili kipande kilichopasuliwa kipate nafasi ya kutanuka. Baada ya hapo guni ihakikishe kwamba diski imesimama wima, na diski ichomoze juu ya ubao kidogo tu, kiasi cha kimo cha jino.

Umeme nao unataka jicho. Ukikatika katikati ya mkato kisha ukarudi, mashine iliyounganishwa kwa swichi ya kawaida hujiwasha yenyewe, pengine fundi akiwa ameinama kusafisha vumbi. Swichi yenye kontakta hujifungua umeme ukikatika na haiwaki mpaka ibonyezwe tena. Kwenye mota ya fezi tatu, nyaya mbili zikibadilishana nafasi wakati wa matengenezo, mota huzunguka kinyume. Kwa hiyo baada ya fundi umeme kuondoka, mashine iwashwe bila ubao kwanza, watu wakiwa kando.

Kuhusu mwili wa fundi: asisimame mkabala wa diski bali pembeni kidogo, asivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia, na asiupitishe mkono juu ya diski kuchukua kipande. Sentimita 30 za mwisho za ubao zisukumwe kwa kijiti chenye urefu usiopungua sentimita 45, kilichokatwa mdomo wa kuushika ubao. Kinga ya juu ya diski ibaki mahali pake. Na barakoa si mapambo: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na tundu zake. Vumbi la mvule, zaidi ya hapo, huwasha ngozi na koo.

Kuna teknolojia inayosimamisha diski mara inapogusa ngozi. Mmarekani Steve Gass aliibuni mwaka 1999 na mashine zake zikaanza kuuzwa miaka mitano baadaye kwa jina la SawStop. Ni kazi nzuri, ila bei yake iko mbali na karakana ya Bwera, na hata mashine hiyo inawekewa bamba la nyuma. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye sehemu hatari za mashine. Haisemi kwamba karakana ndogo imesamehewa.

Anayeagiza mashine kwa mchomeleaji wiki hii ataje mambo haya wakati wa kupatana bei: bamba la nyuma, kinga ya juu, swichi yenye kontakta. Aliye nayo tayari aizime, autoe mkanda, apime unene wa diski na upana wa mkato, na avipeleke vipimo hivyo kwa mchomeleaji kabla ya kupokea oda nyingine.