Kufuli Lililo Chini ya Windows

Mama yule aliiweka laptopu mezani kwangu ikiwa imefungwa kwenye kanga. "Fundi, hii ni ya marehemu baba watoto. Picha zetu zote zimo humu." Nikaiwasha. Kabla hata nembo ya Windows haijatokea, kikaja kisanduku kidogo cheusi kinachodai nywila. Nikajua leo tuna kazi.

Nafanya ufundi Kariakoo, na watu wenye shida hii hufika kwangu wakiwa wameshazungushwa na vijana wa "tupige Windows upya". Windows inakaa kwenye diski. Nywila hii haiko huko. Iko kwenye chipu iliyochomelewa juu ya bodi, pamoja na ile programu inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe, ikakagua memori na kibodi, ndipo ikaiachia Windows kazi. Mafundi tunaiita bayosi. Weka diski mpya kabisa, mlango utabaki umefungwa.

Ushauri wa pili wa mtaani ni kung'oa kile kibetri cha duara. Umetoka kwenye kompyuta za mezani za zamani, ambazo zilitunza mipangilio kwenye memori iliyoishi kwa umeme wa kibetri hicho cha volti 3. Ukikitoa, inasahau kila kitu, nywila ikiwemo. Laptopu nyingi, hasa zile za kiofisi, huandika nywila kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Utakitoa kibetri ulale, na asubuhi inakuuliza swali lile lile.

Hilo limefanywa makusudi, na mimi naliunga mkono. Laptopu ikiibwa kwenye daladala, mwizi asiifungue kwa bisibisi na dakika tano. Ndiyo maana Lenovo husema wazi kwamba ukisahau nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad, dawa ni kubadilisha bodi. Apple, kwa Mac zenye chipu ya Intel, hutaka uje na uthibitisho wa ununuzi. Zile za chipu yao wenyewe, zilizoanza kutoka Novemba 2020, hazina nywila ya namna hii. Zina ulinzi mwingine.

Ipo njia ya mafundi: kuibana chipu ile ya miguu minane kwa kibanio, kuisoma kwa kifaa kilichounganishwa na kompyuta nyingine, kusafisha sehemu ya nywila na kuirudishia. Si kazi ya kujaribia. Zipo chipu za volti 3.3 na za volti 1.8, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Mwaka 2019 niliipa ya 1.8 umeme wa 3.3. Ikafa mkononi mwangu, nikamlipa mteja bodi nyingine. Tangu siku hiyo nasoma namba za mgongoni mwa chipu kwa lenzi, halafu nasoma yaliyomo mara mbili na kulinganisha, ndipo naandika.

Ya mama sikuigusa chipu. Alichokitaka ni picha, na picha ziko kwenye diski. Nikafungua kifuniko cha chini, nikaichomoa, nikaivalisha kava la USB na kuichomeka kwenye mashine yangu. Ingekuwa imesimbwa, au ina nywila yake yenyewe, ningemwambia ukweli hapo hapo. Haikuwa. Folda ya kwanza ilikuwa na picha za ubatizo wa binti yao. Mama akavuta kiti, tukakaa kimya. Nikanakili zote kwenye flashi mbili.

"Na yenyewe je, mwanangu?" akauliza.

"Mama, tafuta risiti."

Bila risiti siwezi kujua laptopu ni ya nani, hata aliyeileta akiwa analia. Kijana mmoja aliwahi kuniletea yenye kibandiko cha shule kilichokwanguliwa nusu. Nilimrudishia ikiwa imefungwa.

Mama alirudi wiki iliyofuata. Risiti ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia ya mumewe, wino umefifia, lakini namba ya mashine ilisomeka. Nikaigeuza laptopu, tukalinganisha herufi moja moja, yeye anasoma, mimi nafuata kwa kidole. Zikalingana. Tukaipiga picha ile risiti, tukamwandikia mtengenezaji.

Jibu lilipokuja na msimbo wa kufungulia, nilimwachia kibodi aubonyeze mwenyewe.