Kabla ya kanuni, washairi wa Uarabuni walikuwa na sikio

Misafara ya Uarabuni ilikuwa na nyimbo za kuswaga ngamia, huda. Wanyama wakichoka, kiongozi huimba nao hukaza mwendo. Al-Masudi, mwanahistoria wa karne ya 10, anasimulia kwamba chanzo chake ni Mudhar bin Nizar: alianguka kutoka juu ya ngamia, akavunjika mkono, akaulilia kwa sauti tamu hata ngamia wakachangamka.

Ni ngano, lakini wengi hadi leo huamini kwamba bahari ya rajaz, yaani pigo la silabi linalokwenda ndefu-ndefu-fupi-ndefu, ilizaliwa na hatua za ngamia. Kwa rajaz nakubali kwamba huenda kuna ukweli. Ila hatua za mnyama hazitoshi kueleza tawil, bahari aliyoitumia mshairi wa kale Imru' al-Qays katika muallaqa yake, kasida yake mashuhuri. Mimi naona asili imo ndani ya Kiarabu chenyewe. Sema kataba, umesema aliandika. Vuta irabu ya kwanza, kaataba, sasa ameandikiana barua na mwenzake. Mtoto anayekua katika lugha ya namna hiyo hupima urefu wa sauti kabla hajajua kuna kitu kiitwacho shairi. Tena mashairi yaliishi vinywani mwa warawi, wasimulizi wa mashairi, si vitabuni, na pigo likivunjika mrawi alijua papo hapo kuwa neno limempotea.

Washairi walitunga hivyo vizazi kwa vizazi bila mtu kuandika kanuni. Aliyeziandika ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman wa karne ya 8 aliyeishi Basra, mwalimu wa mwanasarufi Sibawayhi. Inasimuliwa kwamba nyundo za wafua shaba sokoni ndizo zilizomfungua masikio. Akazipanga bahari 15 katika duara 5. Ya 16 ikaongezwa baadaye, na huhusishwa na mwanasarufi al-Akhfash.

Duara hizo ni kazi ya akili ya ajabu. Piga makofi nusu ya mstari wa tawil: fa-uu-lun ma-faa-ii-lun, fupi-ndefu-ndefu, fupi-ndefu-ndefu-ndefu, kisha rudia. Sasa zungusha mlolongo huohuo ukianzia silabi ya sita. Umepata basit, bahari nyingine kabisa, bila kuongeza wala kupunguza sauti hata moja!

Pwani yetu ilipokea mengi kutoka huko, vina na hata jina bahari, lakini mshairi wa Kiswahili huhesabu mizani, nane kwa nane, kila silabi sawa na mwenzake. Kwa hiyo kasida ya Kiarabu iliyo katika bahari ya kamil inaweza kumtatiza. Humo silabi mbili fupi huruhusiwa kuwa ndefu moja, na beti mbili za shairi moja huweza kutofautiana kwa idadi. Malenga wetu angeziita guni, yaani zenye mizani mbovu, na huko zote mbili ni sahihi.