Kabla ya kukata tiketi ya bustani ya michezo, jua mtoto mdogo atachezea wapi

Kila Agosti inapokaribia, huulizwa swali moja na jamaa na majirani wanaofunga safari kwenda kuwatembelea ndugu zao Dubai na Abu Dhabi: zile bustani kubwa za michezo tunazoziona kwenye picha, mtoto wa miaka miwili ana lake huko? Naulizwa mimi kwa sababu nilikwenda, nikakosea, na sikuficha.

Nilikuwa na kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka miwili na miezi michache. Dada yangu anaishi Sharjah, na kwa furaha ya kutuona akatulipia sote tiketi za bustani moja kubwa. Tuliingia saa nne asubuhi. Hadi saa nane mchana mtoto alikuwa bado kwenye kigari. Kila mashine tuliyoipangia foleni, tulifika mbele akasimamishwa kwenye ubao wa kipimo, tukaambiwa hajafika. Binamu zake wanapanda wakishangilia, yeye amefungwa mkanda anawatazama. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikadhani ni njaa, nikampa maziwa, akayatapika.

Aliyetuokoa ni mfanyakazi wa usafi, dada wa Kwale aliyetusikia tukizungumza. Alimtazama mtoto akasema, "Mamangu, huyu hataki mashine. Mshushe atembee." Akatuelekeza kwenye uwanja mdogo wa watoto nyuma ya mkahawa, hatua chache kutoka lango tuliloingilia. Asubuhi tulikuwa tumeupita.

Tulichelewa. Usiku ule mtoto alipanda joto, tukampeleka hospitali, daktari akasema mwili umepungukiwa na maji. Alhamdulillahi alipona. Lakini tangu siku hiyo nimejifunza jinsi bustani hizi zinavyofanya kazi, na leo nataka nikueleze, msomaji wangu, ili usilipe gharama niliyolipa mimi.

Jambo la kwanza ni urefu. Walinzi wa mashine hawaulizi umri, wanapima sentimita. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka miwili kwa wastani ana sentimita 86 au 87, na wa miaka mitatu 95 au 96. Sasa linganisha na bustani maarufu ya Walt Disney World kule Florida, Marekani. Treni ndogo ya watoto iitwayo Barnstormer inataka sentimita 89, Slinky Dog Dash inataka 97, na Space Mountain 112. Mtoto wa miaka miwili wa kawaida hafiki hata ile ya kwanza. Kwa hivyo mpime nyumbani, amesimama ukutani, kisha ufungue tovuti ya bustani usome masharti ya kila mashine. Ukikuta mashine tatu tu anazoruhusiwa, utajua mapema kwamba siku yake itategemea uwanja wa kuchezea, wala si mashine.

La pili ni mwili wa mtoto wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kujongea angalau dakika 180 kwa siku, asifungwe kwenye kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na mwenye umri wa mwaka mmoja au miwili alale jumla ya saa 11 hadi 14 pamoja na usingizi wa mchana. Soma tena uitazame siku yangu. Wangu nilimfunga saa nne, na usingizi wa mchana nikamnyima. Kilio chake hakikuwa utundu.

Sasa, viwanja hivi vinapatikanaje? Kwa kawaida picha za matangazo ni za mashine kubwa, na uwanja wa wadogo huwekwa kando. Pakua ramani ya bustani kabla hujaondoka nyumbani, utafute mambo matatu: uwanja wa kuchezea, sehemu ya maji ya kina kifupi, na chumba cha kunyonyeshea na kubadilishia nepi. Vikikaribiana, hapo ndipo kituo chenu cha siku. Kule Florida, kila moja ya bustani nne za Disney ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga, na mtoto wa chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi. Dubai kuna Legoland, iliyofunguliwa mwaka 2016 na kulengwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Katika bustani yoyote ya Legoland, ukiona jina Duplo kwenye ramani, ujue hapo ni pa wadogo, kwa kuwa Duplo ni yale matofali makubwa yasiyoweza kumezwa. Ukifika langoni, muulize mfanyakazi wazi wazi: "Mtoto wa miaka miwili anaruhusiwa kushuka chini na kucheza wapi?" Ukiuliza tu mahali pa watoto, huenda akakuelekeza kwenye mashine.

Ukishapaona, pakague kabla hujamwachia. Pawe na uzio na mlango mmoja, ili ukikaa mlangoni asikupite. Sakafu iwe ya mpira au kitu laini. Pawe na kivuli. Weka kiganja chako juu ya mtelezo. Ukikuchoma wewe, utamchoma yeye zaidi. Watoto wa miaka saba na minane wakiwa wanakimbia humo, subiri wapungue au tafuta pembe ya wadogo. Na penye maji, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, kaa kwa umbali wa mkono. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, hapigi kelele kama kwenye filamu.

Tatu, wakati. Huku kwetu Agosti ni kusi, upepo mwanana na mawingu, na shule zimefungwa. Ndiyo maana wengi husafiri mwezi huo. Lakini Agosti hiyo hiyo ni miongoni mwa miezi mikali zaidi Imarati, na joto la mchana hupita nyuzi 40. Ukiweza, ngoja likizo ya Desemba. Usipoweza, chagua bustani iliyo ndani ya jengo. Kisiwani Yas, Abu Dhabi, kuna Warner Bros. World iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo yote imo ndani na ina viyoyozi. Hata Legoland ya Dubai, sehemu ya Miniland yenye majengo madogo ya matofali imefunikwa. Kumbuka pia kwamba tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Jumanne au Jumatano foleni huwa fupi.

Mpango wangu siku hizi ni huu. Tunaingia lango linapofunguliwa, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Saa ya kwanza ni yake, uwanjani. Kisha mashine moja au mbili anazoruhusiwa. Kabla ya adhuhuri tunaingia ndani penye ubaridi, anakula, analala kwenye kigari kilicholazwa, na sisi watu wazima tunapokezana kusali. Alasiri anarudi kucheza tena. Maji anapewa kila mara, asingoje kuomba, maana wa umri huo hajui kusema kiu. Asubuhi nampiga picha na nguo alizovaa, na nambari yangu ya simu naiandika kwenye bangili ya karatasi mkononi mwake.

Na wakubwa je, wakose raha? La. Bustani nyingi zina utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila ya huyu wa pili kupanga foleni upya. Ulizieni mapema. Na aliyebaki asikae kwenye benchi na mtoto kafungwa, aende naye uwanjani.

Kuna watakaosema, kama mtoto atacheza mchanga na maji tu, kwa nini tusimpeleke ufuoni Nyali au kwenye bembea za Idi pale Makadara? Sina ugomvi na neno hilo. Kama safari ni kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili peke yake, pesa hizo ziwekeni. Lakini wengi wetu tunakwenda familia nzima, wakubwa na wadogo, na tiketi imelipwa na ndugu aliyehenyeka mwaka mzima ugenini. Mdogo naye ana haki yake katika siku hiyo.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa dada yangu. Tulikwenda bustani nyingine, na safari hii ramani nilikuwa nimeisoma tangu Mombasa. Mtoto alikaa karibu saa mbili akijaza kikombe maji kwenye bomba la kuchezea na kukimwaga kwenye miguu ya mjomba wake. Tulipotaka kuondoka alilia, na safari hii nilijua kwa nini.