Mguu Kwenye Plasta, Damu Isilale

Barabara kuu ya Arusha–Moshi inapita Maji ya Chai, na bodaboda hazipungui. Aliyevunjika mguu ajalini hufungwa plasta, akaambiwa apumzike. Hapo huanza hatari nyingine.

Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu moyoni. Isipocheza, damu hutuama mishipani na kuganda. Bonge likichomoka, likaziba mishipa ya mapafu, huweza kuua. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, aliieleza safari hiyo miaka ya 1840.

Kinga si ngeni: kuchezesha vidole, kutembea mapema kwa magongo daktari akiruhusu, na kwa walio hatarini zaidi, sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Shavu likivimba na kuuma, msilichue wala kulikanda, hata bibi akisisitiza. Pumzi ikibana ghafla, mkimbizeni mgonjwa hospitali.