Jina Lako kwa 51 kwa Mia

Kijana mmoja wa kwetu alinijia jioni na karatasi ya kutia sinya. Bwana fulani mwenye sosiete alimwambia: "Wewe utakuwa patron kwa karatasi, 51 kwa mia ni zako. Kila mwezi nitakupa kitu kidogo. Kazi yenyewe usijisumbue nayo." Kijana akaniuliza: "Mchungaji, ubaya wake ni nini? Mimi niko bila kazi."

Wasomaji wa kwetu migodini mnajua toleo lile linatoka wapi. Sheria yetu ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi za sous-traitance, kama vile kusafirisha watu ao kuwapikia chakula, ni za sosiete ambazo sehemu kubwa ya kapitali iko mikononi mwa Wakongomani. Basi wengine wanatafuta Mkongomani wa kuazima jina. Lakini mimi nilimjibu kwa habari za Marekani, maana wenzetu kule walianza zamani njia ya namna hii, na mashimo yake wanayajua.

Serikali ya Marekani inanunua vitu vingi sana, tangu viatu vya askari mpaka kazi ya kufagia maofisi. Sehemu ya kontra zile inawekwa kando kwa biashara ndogo. Kuna buro moja ya serikali, SBA, iliyoanzishwa mwaka 1953, nayo inatoa vyeti. Kimoja kinaitwa 8(a). Hicho ni cha watu walionyimwa nafasi na wasio na mali nyingi. Kinadumu miaka 9, na mtu anakipata mara moja tu maishani. Zamani mtu mweusi alihesabiwa mara moja kuwa amenyimwa nafasi. Mwaka 2023 tribinali moja ya Tennessee ilikataza hesabu ile, na wenye kuomba wakalazimika kuandika habari zao wenyewe, namna gani walizuiwa.

Cheti kingine ni cha askari wa zamani walioumia ao kupata ugonjwa katika utumishi. Tangu Januari 2023 SBA ndiyo inakitoa, na kwa sheria ya mwisho wa mwaka ule, shabaha ya serikali kwa sosiete zao ilipanda toka 3 mpaka 5 kwa mia ya feza za kontra. (Kuomba kwa SBA ni bure. Hata kule wako watu wanaodai feza nyingi ili wakujazie karatasi!)

Vyeti vyote viwili vinadai 51 kwa mia. Lakini sikia vizuri: 51 peke yake haitoshi. Wanauliza pia: nani anaongoza kazi kila siku? Nani ana neno la mwisho? Maana kulitokea matajiri waliotafuta mzee askari, wakaandika jina lake juu, yeye akabaki nyumbani kwake, na kontra za mamilioni ya dola zikaenda kwao. Watu wakampa jina la "askari wa kukodi". Wengi walikamatwa, wengine wakatiwa gerezani. Na mara nyingine hata yule mzee aliyetoa jina alihukumiwa pamoja nao, juu sinya ilikuwa yake. Tena sheria ya mwaka 2010 inahesabu feza yote ya kontra iliyopatikana kwa udanganyifu ule kuwa hasara ya serikali, hata kama kazi ilifanywa vizuri.

Kijana alinyamaza. Nikamwambia: "Usikatae bado. Rudi, umwulize maneno mawili tu: nani atatia sinya kwa benki, na kama deni likija, litaandikwa kwa nani?"

Alirudi siku ya tatu. Bwana yule alimjibu la kwanza: "Hilo halikuhusu." La pili alicheka tu. Kijana akamrudishia karatasi yake.

Kazi bado hajapata.