Kigae Kilicholegea Bafuni

Kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari mara nyingi hakina historia. Muuguzi akiuliza kilianza lini, mgonjwa hujibu kwamba aliona damu kwenye ndala tu, wala hakuhisi maumivu. Hapo maswali huhamia kwenye viatu na ukataji wa kucha. Ni nadra bafu kuulizwa. Ilhali humo ndimo mtu aliyepoteza hisia za nyayo huingia pekupeku kila siku, ngozi ikiwa imelainika kwa maji, na ukingo wa kigae kilichopasuka una makali ya wembe.

Kwa mzee hatari ni nyingine. Avukapo ukingo wa hodhi la kuogea huegemea ukuta, na kigae kilicholegea humponyoka mkononi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, na wengi wao wamevuka miaka 60.

Vigae vya pembezoni mwa hodhi havilegei kwa bahati mbaya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hodhi lenye lita 150, akiingia mtu mzima, hubeba zaidi ya kilo 200. Hodhi hushuka kidogo, kisha hupanda maji yakitolewa. Saruji iliyojazwa kati yake na ukuta haina mnyumbuko, basi hupasuka, na maji hupenya nyuma ya vigae na kudhoofisha gundi. Ukigonga kigae kwa kifundo cha kidole, kilichoachana na ukuta hulia kama debe tupu.

Unyevu huo uliofichika ndio chakula cha kuvu. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2009 unaeleza kwamba wakaao katika majengo yenye unyevu au kuvu hupata zaidi dalili za njia ya hewa na maambukizi yake, na pumu yao huzidi. Kupaka rangi juu ya madoa meusi, kama wafanyavyo baadhi ya wenye nyumba kabla ya kumkaribisha mpangaji mpya, hakutibu chochote.

Matengenezo yenyewe huanza kwa kubandua vigae vyote vinavyolia, kukwangua gundi ya zamani, na kuuacha ukuta ukauke kabisa, hata kama ni kwa siku kadhaa. Hapa ndipo haraka huharibu kazi, kwani kigae kilichobandikwa juu ya unyevu hubanduka tena.

Fundi naye ana mwili wa kulindwa. Kukata kigae kwa mashine bila maji hutoa vumbi la silika, ambalo huumiza mapafu kwa makovu yasiyofutika. Barakoa ya kitambaa haitoshi kulizuia. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, pasipo maumivu ya awali, hivyo glavu ni za lazima. Anayesafisha kuvu asichanganye dawa yenye klorini na dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha huijaza upesi.

Vigae vikishashika, mianya baina yao hujazwa saruji yake. Mwanya kati ya hodhi na ukuta hauguswi kwa saruji. Huo ni wa silikoni, inayonyumbuka. Silikoni ya zamani iondolewe yote, maana mpya haishikani nayo, kisha pafutwe kwa spiriti na kukaushwa. Kabla ya kupaka, hodhi lijazwe maji, ili mwanya uwe umefunguka kwa upana wake wote. Maji hayo hubaki humo hadi silikoni igande, kwa kawaida saa 24, ingawa maelezo ya kwenye bomba lake ndiyo ya kufuatwa.

Aina nyingi za silikoni hutoa harufu kali kama ya siki inapoganda, nayo huweza kumchokoza mwenye pumu. Madirisha yafunguliwe, naye alale chumba cha mbali usiku huo. Kwa muda wote huo wa kusubiri, mwenye kisukari ataoga kwa ndoo, kwingineko, ndala zikiwa miguuni.