Shajara ya Mwanafunzi katika Uchimbuaji wa Çatalhöyük, Uturuki

Makala hii inafafanua nafasi ya mwanafunzi mgeni katika uchimbuaji wa kiakiolojia, kwa kurejelea Çatalhöyük, makazi ya wakulima wa mwanzo yaliyoko Anatolia, nchini Uturuki. James Mellaart aliyachimbua katika miaka ya 1960. Ian Hodder alianzisha mradi mpya mwaka 1993, na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walishiriki.

Nyumba za Çatalhöyük zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi. Wakazi waliingia kwa ngazi kupitia paani, na wafu wengi walizikwa chini ya sakafu. Sakafu hizo zilipigwa lipu mara kwa mara, hivyo matabaka yake ni membamba sana. Mwanafunzi anayekwangua kwa mwiko akiupita ukingo wa kaburi bila kuutambua, ushahidi wa sakafu ipi ilitangulia kaburi hilo hupotea, kwani tabaka likishaondolewa halirudishiki.

Kwa sababu hiyo, wachimbuaji katika mradi wa Hodder waliandika shajara sambamba na kujaza fomu rasmi. Fomu ilihifadhi vipimo, rangi na aina ya udongo. Shajara ilihifadhi shaka, mabadiliko ya mawazo na sababu za kila uamuzi.

Inahitimishwa kwamba uzoefu wa mwanafunzi ni sehemu ya data. Mtafiti atakayeichambua nyumba hiyo baadaye hawezi kuichimbua upya. Atategemea kile ambacho mgeni huyo alikiona, pamoja na kile alichokiri kuwa hakukielewa.